Kazi Tatu za Kuanza Nazo Katika Kutunza Ngozi

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Ngozi ya mtu mzima, kama ingetandazwa chini, ingefunika eneo la kati ya mita moja u nusu na mita mbili za mraba. Ngozi huzuia vijidudu visiingie mwilini, huzuia maji ya mwili yasipotee ovyo, hupooza mwili kwa njia ya jasho, na humwarifu mtu kwamba kitu ni cha moto au cha baridi. Hata hivyo watu wengi huikumbuka ngozi siku inapowasha au siku inapotoka chunusi. Siku hiyo huenda dukani kwa haraka na kununua chochote kile kinachosifiwa na muuzaji.

Haraka hiyo huleta hasara ya fedha, na mara nyingine huleta hasara ya mwili, kama itakavyoonekana mbele. Somo hili ni kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na utaratibu wa kutunza ngozi yake, awe mwanamume au mwanamke, mkazi wa shamba au wa mji. Kazi za lazima ni tatu tu: kuosha, kupaka mafuta, na kukinga jua. Mtu anayeanza hana haja ya kitu cha nne mpaka hizo tatu zimekuwa desturi yake ya kila siku.

UKUTA WA NGOZI

Si rahisi kutunza kitu usichokijua. Tabaka la juu la ngozi ni jembamba sana, lakini limejengwa mfano wa ukuta wa matofali. Matofali yake ni chembe ndogo zilizokauka na kubanana, na udongo unaoyashikamanisha ni mafuta ambayo ngozi yenyewe huyatengeneza. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hubaki ndani, na uchafu hubaki nje. Mafuta yale yakioshwa kupita kiasi, nyufa hutokea: ngozi hupauka, hukwaruza, huwasha, na vijidudu hupata mlango wa kuingilia.

Chembe mpya huzaliwa upande wa chini na kusukumwa juu polepole, mpaka zinakuwa ngozi ya nje na mwisho hubanduka. Safari hiyo huchukua majuma manne au zaidi, na kwa wazee huwa ndefu kuliko kwa vijana. Kwa hiyo mtu akianza utaratibu mpya siku ya Jumatatu, asitazamie kuyaona matunda yake siku ya Ijumaa. Ampe mkulima mfano wake: mbegu haichimbuliwi kila asubuhi ili kutazama kama imeota. Na dawa yoyote inayoahidi kuugeuza uso kwa siku tatu yafaa kutiliwa shaka.

Jambo jingine la kujua ni habari ya rangi. Weusi wa ngozi hutokana na kitu kiitwacho melanini. Watu weusi na watu weupe wana karibu idadi sawa ya chembe zinazoitengeneza melanini. Tofauti yao ni wingi na namna ya rangi inayotengenezwa. Melanini ni kinga dhidi ya jua. Mtu anayejitahidi kuiondoa anauchana mwavuli wake mwenyewe, naye angali njiani juani.

KAZI YA KWANZA: KUOSHA

Wataalamu hupima uchachu na ukali wa vitu kwa kipimo cha 0 mpaka 14. Maji safi huwa katikati, yaani 7. Vitu vichachu, kama maji ya limau, huwa chini ya hapo. Vitu vikali vya jamii ya magadi huwa juu. Uso wa ngozi yenye afya huwa karibu 5, maana yake una uchachu kidogo, na uchachu huo husaidia kuzuia vijidudu vibaya. Sabuni ya kawaida ya kipande huwa 9 au 10. Ndiyo sababu sabuni ya kufulia, ijapokuwa hutakasa nguo vizuri, haifai kuogea kila siku. Huondoa uchafu, lakini huondoa pamoja nao udongo unaoshika matofali.

Mtu anayeanza atafute sabuni nyepesi, isiyo na manukato makali. Sabuni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto zafaa. Namna ya kuijua sabuni isiyomfaa ni rahisi: baada ya kuosha uso na kuukausha, angoje kidogo bila kupaka kitu. Uso ukikakamaa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa, sabuni hiyo ni kali mno, au imetumiwa nyingi mno.

Uso uoshwe mara mbili kwa siku, na kila baada ya kazi ya kutoa jasho jingi. Wakati ulio muhimu zaidi ni jioni, maana vumbi, jasho, moshi wa jiko na vipodozi vya mchana havifai kulala usoni. Mwenye ngozi kavu anaweza asubuhi kutumia maji matupu. Maji yawe ya vuguvugu au ya baridi. Maji ya moto sana huyeyusha mafuta ya ngozi. Vidole vya mikono vyatosha kuosha uso. Dodoki lafaa mgongoni na miguuni, kwa kusugua polepole, lakini uso usisuguliwe kwa dodoki, wala kwa jiwe, wala kwa wavu mgumu. Ngozi iliyosuguliwa sana hujilinda kwa kuwa nene na nyeusi zaidi, basi asuguaye ili apate weupe huvuna kinyume cha alichotaka.

Baadhi ya watu hutia dawa ya kuulia vidudu katika maji ya kuogea kila siku, wakidhani kwamba usafi haujakamilika bila harufu yake. Kwa mtu asiye na ugonjwa hakuna haja. Dawa hizo hukausha ngozi na kuiwasha, na ngozi yenyewe ina vijidudu vyake visivyodhuru ambavyo huzuia vile vibaya kupata nafasi.

Mahali ambapo maji huchotwa mbali, beseni moja latosha kwa mtu anayejua mpango. Uso huoshwa kwanza, kisha kwapa, kisha kinena, na miguu mwisho. Sabuni si lazima mwili mzima. Mahali pa jasho na pa uchafu ndipo panapoihitaji. Kila mtu awe na taulo yake, nayo ianikwe juani.

KAZI YA PILI: KUPAKA MAFUTA

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Wakikuyu wa zamani walijipaka mafuta ya mbarika, wafugaji walijipaka mafuta ya wanyama, na Pwani mafuta ya nazi yametumiwa vizazi kwa vizazi. Huko Pwani wanawake pia husugua mti wa liwa juu ya jiwe na kuutumia pamoja na marashi kuulainisha mwili. Wazee waliijua kazi hiyo kwa uzoefu. Leo sababu yake inaeleweka vizuri zaidi.

Sababu ni hii: mafuta hayatii maji ndani ya ngozi. Mafuta hufunika, ili maji yaliyomo yasitoke. Ni kama kifuniko cha sufuria. Basi kifuniko huwekwa wakati maji yamo, si wakati sufuria imekwisha kukauka. Mtu akitoka kuoga ajikaushe kwa kujigusagusa na taulo, asijisugue, na ajipake mafuta katika muda wa dakika tatu, mwili ungali na unyevu kidogo. Mafuta yale yale yakipakwa saa nzima baadaye hufanya kazi ndogo zaidi.

Swali la pili ni mafuta gani. Kwa mwili, na kwa uso mkavu, mafuta ya mgando yanatosha kabisa. Mafuta hayo hutokana na petroli ya ardhini iliyosafishwa. Mmarekani Robert Chesebrough alipata hati ya kuyatengeneza mwaka 1872, akayaita Vaseline, na mpaka leo hakuna vitu vingi vinavyoyapita katika kuzuia maji ya ngozi yasipotee. Hayana harufu kali, si ghali, na ni nadra kumwasha mtu. Siagi ya mti wa shea, inayotengenezwa kaskazini ya Uganda, nayo ni nzuri kwa ngozi kavu.

Kwa uso wenye mafuta mengi au chunusi, mafuta mazito hayafai. Mafuta ya nazi na siagi nzito huweza kuziba vitundu vya ngozi na kuzidisha chunusi. Mwenye uso wa namna hiyo achague losheni nyepesi isiyo na manukato, apake kidogo. Asiache kupaka kabisa, kwa kuwa uso wenye mafuta pia hupoteza maji.

Nyayo zilizopasuka huponywa kwa njia ile ile. Miguu hulowekwa katika maji ya vuguvugu kwa muda wa dakika 10, nyayo husuguliwa kidogo kwa jiwe la miguu, kisha hupakwa mafuta ya mgando kwa wingi na kuvikwa soksi usiku kucha. Afanyaye hivyo kila usiku kwa majuma mawili ataona tofauti. Na mama anayefua nguo au kuosha vyombo mara nyingi aweke mkebe mdogo wa mafuta karibu na beseni, ajipake mikono kila amalizapo kazi.

KAZI YA TATU: KUKINGA JUA

Wako wasemao kwamba mtu mweusi hana haja ya kujikinga na jua. Neno hilo ni kweli nusu tu. Ngozi nyeusi haiungui upesi kama nyeupe, na saratani ya ngozi itokanayo na jua ni chache miongoni mwa watu weusi. Lakini jua huzeesha ngozi yoyote, na hasa huyafanya madoa yawe meusi zaidi na yakawie kuondoka. Mtu mwenye madoa ya chunusi ambaye anatembea juani bila kinga anayatia madoa yake rangi upya kila siku.

Tena Kenya imekatwa na Ikweta, na sehemu zake nyingi ziko juu. Ukali wa miale inayounguza huongezeka kwa karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Eldoret zaidi ya mita 2,000. Baridi ya asubuhi katika miji hiyo huwadanganya watu kuwa jua ni dogo. Miale inayounguza si ile inayoleta joto, nayo hupenya hata mawingu mepesi.

Kinga ya kwanza haina gharama kubwa. Ni kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, shati la mikono mirefu, na kivuli cha mti. Jua kali zaidi ni la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kazi ya shamba inayoweza kufanywa kabla au baada ya saa hizo ifanywe wakati huo.

Kinga ya pili ni mafuta ya kuzuia jua. Juu ya chupa yake huandikwa herufi SPF na namba. Namba 30 yatosha: yakipakwa ya kutosha huzuia karibu sehemu 97 katika 100 za miale ya kuunguza. Kosa la watu wengi ni kupaka kidogo mno. Uso na shingo huhitaji karibu nusu ya kijiko cha chai, na mtu akikaa nje hupaka tena baada ya kila saa mbili. Mtu asiyeweza kuyanunua asikate tamaa, maana kofia nzuri haiishi upesi kama chupa.

Kwa ndugu wenye ualbino kazi hii ya tatu huwa ya kwanza. Ngozi yao haina melanini ya kuwalinda, na saratani ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo aanze kumvika kofia na mikono mirefu tangu utotoni, na aulize katika hospitali ya serikali habari za mafuta ya jua yanayotolewa bila malipo kwa wenye ualbino. Katika nchi jirani ya Tanzania, mafuta yaliyotengenezwa hasa kwa ajili yao hutengenezwa Moshi, katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilicho kwenye hospitali ya KCMC.

UTARATIBU WA MWEZI WA KWANZA

Utaratibu wa asubuhi ni kuosha uso, kupaka mafuta au losheni, kisha kupaka mafuta ya jua au kuvaa kofia. Utaratibu wa jioni ni kuosha uso kwa sabuni nyepesi, kisha kupaka mafuta. Kazi yote haipiti dakika tano. Katika mwezi wa kwanza vitu vingine vyote viwekwe kando: manukato ya uso, vitu vya kusugulia, na dawa alizokopesha jirani. Ngozi nyingi zilizokuwa na matata hutulia zenyewe mara zinapoachwa zipumzike.

Mwezi ukiisha, anayetaka kuongeza kitu aongeze kimoja tu kwa wakati. Akiongeza vitatu kwa pamoja na uso ukaharibika, atajuaje ni kipi kilichomdhuru? Kabla ya kukipaka usoni akijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, mahali padogo, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Pasipowasha, pasipovimba wala kutoka vipele, aanze kukitumia. Jaribio hilo lafaa hata kwa vitu viitwavyo vya asili. Maji ya limau ni ya asili, lakini limau au ndimu ikipakwa usoni na mtu akatoka juani, ngozi huweza kuungua na kutoka malengelenge na madoa meusi ya miezi mingi.

CHUNUSI NA VIPELE VYA NDEVU

Chunusi hutokea pale vitundu vya ngozi vinapozibwa na mafuta na chembe zilizokufa, kisha vijidudu hukua ndani yake. Huwapata zaidi vijana kwa sababu wakati wa kubalehe mwili hutengeneza mafuta mengi. Chunusi si alama ya damu chafu, wala si ishara kwamba kijana amechelewa kuoa au kuolewa. Hazifai kuminywa: dakika moja ya kuminya huacha doa la miezi. Dawa ya meno nayo si dawa ya chunusi. Huunguza ngozi tu.

Zile kazi tatu zisipotosha, dawa ya kuanza nayo ni ile iitwayo benzoili peroksaidi, inayopatikana katika maduka ya dawa. Ile ya nguvu ndogo, ya 2.5 katika 100, ni bora kwa anayeanza. Ipakwe kidogo, mara moja kwa siku, nayo huhitaji majuma sita au manane kabla ya kuhukumiwa. Huondoa rangi ya nguo, kwa hiyo taulo na foronya viwe vyeupe. Chunusi kubwa zenye maumivu, zinazoacha makovu, zionwe na daktari mapema.

Wanaume wengi husumbuliwa na vipele vya ndevu. Nywele zilizojikunja zikinyolewa karibu mno hurudi na kuichoma ngozi. Inafaa kunyoa baada ya kuoga, wakati ndevu zimelainika, kwa wembe mkali na safi, kwa kufuata upande zinakolala, wala si kinyume chake. Wembe ni wa mtu mmoja, hauazimwi.

SUMU ILIYO KATIKA MKEBE

Sasa ni lazima kutaja jambo lililowapa watu wengi hasara kubwa. Dawa za kung'arisha ngozi zimeuzwa katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, na baadhi yake zilitengenezwa kwa zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, na kwa hiyo uso hung'aa. Lakini zebaki haibaki usoni. Hupenya ngozi, huingia katika damu, na hukusanyika katika mafigo.

Madaktari wa Nairobi waliliona jambo hili wazi. Mwaka 1972 walichapisha habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa na ugonjwa mmoja wa mafigo. Katika ugonjwa huo mafigo hushindwa kuchuja, protini za mwili hupotea katika mkojo, na mgonjwa huvimba uso na miguu. Walipoulizwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wametumia dawa za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengi wao walikuwa wanawake. Walichokusudia ni uso mzuri, nao waliishia katika kitanda cha hospitali. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuiacha dawa, jambo linaloonyesha faida ya kuacha mapema.

Mataifa yalichukua hatua. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu uligunduliwa katika mji wa Minamata, Japani, kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Kwa kumbukumbu ya mji huo, mapatano ya dunia juu ya zebaki yaliyofanywa mwaka 2013 yaliitwa Mapatano ya Minamata. Mapatano hayo yalikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni baada ya mwaka 2020, na mkutano wa mwaka 2023 uliamua kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia mwaka 2025. Katika Kenya, Shirika la Viwango limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni. Hata hivyo vinaendelea kuuzwa kwa siri, na mnunuzi hana budi kujilinda mwenyewe.

Njia za kujilinda ni hizi. Kwanza, asome maandishi ya mkebe. Yakiwapo maneno mercury, mercurous, mercuric, calomel au herufi Hg, zebaki imo. Neno hydroquinone ni haidrokwinoni. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi wa rangi ya buluu usiotoka tena. Pili, akiona onyo kwamba dawa isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, ajue kuwa ni dalili ya zebaki, maana zebaki huviharibu vyuma hivyo. Tatu, asinunue mkebe usio na orodha ya vitu vilivyomo, wala mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya duka.

Liko kundi jingine la hatari. Ni dawa za hospitali za jamii ya steroidi, kama betamethasone na clobetasol, ambazo daktari huzitoa kwa ukurutu na magonjwa mengine kwa muda mfupi. Watu huzipaka usoni kila siku kwa sababu hung'arisha. Mwisho wake ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, michirizi hutokea, na hata choa hujificha chini yake na kuenea. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiache kwa ghafula peke yake, kwa kuwa uso huweza kulipuka kwa vipele. Aende kwa daktari aonyeshwe namna ya kuacha kidogo kidogo. Asione haya kwenda. Daktari amewaona wengi kabla yake.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mafuta na sabuni haviponyi kila kitu. Doa lisilo na hisi, hata likichomwa kwa sindano lisiume, huweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Mwasho unaozidi usiku, nao umewapata watu kadhaa wa nyumba moja, huenda ni upele. Nyumba nzima itibiwe siku moja, na nguo na matandiko yafuliwe. Duara lenye magamba kandokando ni choa, na dawa yake si mafuta ya kawaida. Kidonda kisichopona kwa majuma mengi kionwe. Vile vile doa jeusi jipya linalokua katika wayo, kiganja au chini ya ukucha lisidharauliwe, maana hapo ndipo saratani kali ya ngozi huwapata watu weusi mara nyingi. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia katika kidole cha mguu.

Kwa ufupi, ngozi haitaki vitu vingi. Inataka vichache, vilivyo salama, vifanywavyo leo, kesho na kesho kutwa. Mwenye sabuni nyepesi, mkebe wa mafuta ya mgando na kofia amekwisha kupata vyombo vyote vya lazima. Kilichobaki ni subira, nayo haiuzwi dukani.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA KUSOMA

1. Kwa nini mafuta hupakwa wakati mwili ungali na unyevu?

2. Sabuni ya kufulia huudhuru vipi ukuta wa ngozi?

3. Mtu anayeishi Eldoret anahitaji kujikinga zaidi na jua kuliko anayeishi Mombasa? Kwa sababu gani?

4. Ni maneno gani juu ya mkebe yanayoonyesha kwamba zebaki imo, nayo hudhuru kiungo gani cha ndani?

5. Mtu ametumia dawa ya steroidi usoni kwa mwaka mzima na sasa anataka kuiacha. Apewe shauri gani?